Dole Gumba la Mzee Wilondja

Lugufu, tarehe 14 Februari 1999

Kwa mume wangu Mzee Wilondja, kule Lweba.
(Yaya Raphaël, kaka yangu, umsomee kwa sauti. Usimeze maneno.)

Mume wangu, salamu nyingi. Mimi na Mama tulifika salama kambini huku Tanzania, ila sikuwa na karatasi. Tumejenga kijumba cha udongo na juu tumetandika hema la bluu. Tunapewa unga wa njano na maharage. Samaki hakuna. Ziwa halionekani kabisa kutoka hapa. Nilipanda juu ya kichuguu nikatazama upande wenu, nikaona vumbi.

Jana mwalimu aliniuliza ninamwandikia nani. Nikasema, mume wangu. Alishika kichwa, kwa sababu nina miaka kumi na moja. Yeye ni Mtanzania wa mbali. Watoto wa kwetu Fizi ndio walioangua kicheko. Nikamweleza kwamba kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na kwamba wewe unaniogopa kuliko ulivyomwogopa marehemu Bibi.

Unakumbuka siku ya boti? Nafasi zilikuwa mbili tu, mkabaki wewe na Yaya. Nilisimama katikati ya mizigo nikapaza sauti: "Mume wangu, usihame nyumba ile mpaka nirudi!" Ukapiga saluti ukajibu, "Ndiyo, mama!" Watu waliokuwa wakilia wakacheka. Basi, amri ile bado ipo.

Kwenye jibu lako uweke dole gumba, nilione lile kovu la panga. Nisipoliona nitajua ni Yaya anatunga.

Mkeo,
Merveille


Lweba, tarehe 9 Machi 1999

Kwa Merveille,

Babu amekaa juu ya sanduku langu la vitabu, lile la bati, na anasema niandike kila neno, hata matusi. Haya ni maneno yake.

"Muke wangu. Barua yako nimeipata. Nimeisikiliza mara tatu, kwa sababu huyu ndugu yako anasoma kama mwizi, sauti iko ndani ya tumbo. Ninamwambia kila siku, soma kwa nguvu, we Raphaël, maneno hayaumi muntu! Anajificha nyuma ya kitabu kama kuku nyuma ya chungu."

(Ni kweli ninasoma taratibu. Anaendelea.)

"Nimekuwa mwanafunzi, muke wangu. Jioni huyu kijana ananigeuzia masomo yake kutoka Kifaransa, anayaandika katika daftari la Kiswahili, ananisomea. Somo la ziwa ninalijua lote kichwani. Sikia: Ziwa letu ni refu kuliko maziwa yote ya ulimwengu yenye maji baridi. Mito mingi inaingia. Mto mmoja tu unatoka, nao ni Lukuga. Nimevua humo miaka makumi mane, hakuna aliyeniambia!"

(Analisema huku ameshika daftari mbele ya uso, kama mwalimu. Kila mara analishika miguu juu, kichwa chini, na mimi simwambii.)

"Barabarani askari wanapita, wa huku na wa kule. Wakila kuku wetu tunanyamaza. Usiogope. Na siku nikifa, muke wangu, njoo unitukane vizuri mbele ya watu, kama wajukuu wanavyofanya. Nisizikwe kimyakimya kama mbwa wa jirani."

Hayo ndiyo aliyosema. Wino umekwisha, kwa hiyo nimepaka dole lake masizi ya chungu na mawese. Hilo hapo chini. Lile kovu pana katikati ni lake, hakuna mwingine.

Kaka yako,
Raphaël


Baraka, tarehe 2 Mei 1999

Mama mpenzi,

Nipo Baraka, kwa Mama Mwanahamisi, yule anayepeleka mawese Kigoma. Barua hii atakupa wewe mkononi. Merveille asiione.

Mama, Babu amekufa. Nimeianza barua hii mara nne kwa njia nyingine, nikachana.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 17 Aprili, saa moja asubuhi. Milio ilianzia barabarani. Watu wakapita mbio wakisema askari wanakuja, "Banakuya! Banakuya!" Jirani yetu Mama Godelieve alikuwa anatwanga majani ya sombe. Hakukumbuka kuutupa mchi, alikimbia nao. Risasi ilimpiga mgongoni, na mgongoni alikuwa amembeba mtoto. Sitaandika zaidi ya hapo.

Mzee wa kanisa alitoka na mikono juu, wakamkata kwa panga lake mwenyewe. Kijana wa shule yetu walimfunga kamba wakamsukuma ndani ya nyumba yao, kisha wakawasha paa. Nilimjua kwa sauti yake, Mama. Alikuwa anakaa dawati la mbele yangu.

Mimi na Babu tulifika kijitoni sote wawili, wazima. Halafu Babu akarudi nyumbani kuchukua kitu. Wakamkuta mlangoni. Walimpiga risasi mbili, ya tumbo na ya shingo. Nyumba wakaichoma.

Alasiri mimi na Mzee Ali mvuvi tulimzika katika shamba la mihogo, kwa jembe moja na sahani. Askari walikuwa bado barabarani, tuliwasikia wakikimbiza kuku na kucheka. Kwa hiyo tulizika bila kulia. Mzee Ali alinishika mdomo kwa mkono wenye udongo, nao udongo huo niliumeza. Hapakuwa na matanga, hapakuwa na mjukuu wa kuzuia kaburi na kumtukana marehemu. Amezikwa kama alivyokataa kuzikwa.

Niambie nifanye nini kuhusu Merveille.

Mwanao,
Raphaël


Lugufu, tarehe 20 Mei 1999

Mwanangu Raphaël,

Barua yako niliisoma porini, tulipokwenda kuokota kuni. Nililia huko huko, nikanawa uso, nikarudi na mzigo wangu.

Merveille ana malaria iliyopanda kichwani. Siku ya sita hii yuko hospitali ya kambi, hanijui mimi mamake, anamtaja babu yake tu. Nikimwambia sasa nitampoteza na yeye. Nakuomba, mwandikie kama zamani, kwa maneno ya Babu. Mpaka apone. Mungu ataangalia sababu.

Na jambo moja, mwanangu. Unasema Babu alirudi kuchukua kitu. Kitu gani? Hukuandika.

Mama yako,
Suzanne


Lweba, tarehe 11 Juni 1999

Kwa Merveille,

Haya ni maneno ya Babu.

"Muke wangu. Nimesikia unaumwa. Kunywa dawa zote, hata zile chungu. Mimi niko muzima. Nyumba haijavuja. Jirani walikimbia kidogo kwa sababu ya milio, wakaniita twende, nikawaambia siendi, muke wangu amenikataza kuhama mpaka arudi. Wakacheka. Mimi sijatoka, ninatii amri yako."

Babu amechoka leo, kwa hiyo hakuweka dole.

Kaka yako,
Raphaël


Lugufu, tarehe 4 Julai 1999

Mume wangu,

Nimepona. Nywele zimekatika kidogo tu. Walinisomea barua yako nikiwa kitandani, nikawaambia manesi, mnaona, mume wangu ananitii.

Lakini barua ilikuwa fupi, na hukumtukana Yaya hata mara moja. Je, mmegombana? Na dole liko wapi? Dole halichoki. Nalitaka dole.

Mkeo,
Merveille


Lugufu, tarehe 19 Septemba 1999

Raphaël,

Sikuiti Yaya.

Barua yako ya mwezi wa nane imefika, ile yenye dole. Nimeiweka juu ya ile ya mwezi wa tatu, nikazitazama kwenye jua. Kovu la Babu ni pana kama njia ya mbuzi, nalo linapanda kuelekea kulia. Hili ni jembamba kama uzi na linapanda kushoto. Kando yake kuna doa jekundu. Ni damu. Ulijikata, Raphaël. Ulijikata ili unidanganye.

Nilimwendea Mama nikamwekea barua zote mbili miguuni. Alikuwa anasonga ugali. Aliuachia mwiko.

Sasa najua. Mama ameniambia Babu amekufa, mengine kilio kilimkatiza. Anasema walimkuta mlangoni mwa nyumba. Na wewe kwa mkono wako uliandika kwamba majirani walimwita akakataa, kwamba hakutoka kwa sababu ya amri yangu. Nilifikiri ni mzaha. Ulikuwa mzaha! Nilikuwa nawachekesha watu kwenye boti. Nani anamtii mtoto mpaka afe?

Usiku ninamwona amepiga saluti mlangoni, nao wanakuja, naye anasema "Ndiyo, mama," anasema "Ndiyo, mama," wala hahami. Juzi rafiki yangu Espérance alimwita babu yake pale bombani, nikamrushia jiwe. Limempasua juu ya jicho, ameshonwa nyuzi tano. Sili. Mama ananifungua mdomo kwa kijiko.

Mimi ndiye niliyemuua. Usiniandikie tena kwa maneno ya Babu.

Merveille


Baraka, tarehe 10 Oktoba 1999

Mdogo wangu Merveille,

Haya ni maneno yangu mimi. Nitayasema yote, halafu utafanya unavyotaka.

Ile habari ya Babu kukataa kuhama niliitunga. Nilifikiri itakufurahisha ukiwa mgonjwa. Hakuna jirani aliyemwita akakataa. Milio ilipoanza, yeye ndiye aliyenivuta mkono. Alisema, "Twende, muke wangu atanisamehe, ataniona mbele ya safari." Alitoka, Merveille. Alitoka nyumbani kabla yangu. Tulifika kijitoni tukajilaza kwenye matete, maji yakatufika kiunoni. Tulikuwa tumepona.

Ndipo nikaanza kulia. Si kwa hofu. Nilisema, "Babu, vitabu vyangu." Nina miaka kumi na sita, watu wanakufa nyuma yangu, na mimi nalilia vitabu. Alinitazama. Akasema, "Ikala hapa kwenye matete. Usitoke hata nikiita." Nilikuwa na nafasi ya kumshika shati. Nilimwacha aende, kwa sababu nilivitaka.

Nilimfuata nikitambaa kwa tumbo mpaka shamba la mihogo. Hilo sijamwambia Mama wala mtu yeyote. Nilikuwa hatua thelathini tu kutoka mlangoni.

Alitoka na sanduku kichwani. Askari watano walikuwa uani. Walidhani ni dhahabu ya machimbo ya Lulimba. Mmoja alimpiga kitako cha bunduki kwenye goti, sanduku likaanguka, vitabu vikamwagika. "Ya nani?" Babu akasema, "Bitabu bya mutoto." Wakamuuliza mtoto yuko wapi. Akanyamaza. Wakampiga mdomoni, akatema jino, wakauliza tena. Akasema, "Ni byangu. Mimi ndiye ninasoma." Wakasema ni barua za wapiganaji wa Mai-Mai hizi, mzee ni mpelelezi. Mkubwa wao akaokota daftari langu la Kiswahili akamtupia. "Soma basi, tukusikie."

Babu alijifuta damu kwa pindo la shati. Alifungua daftari akalishika mbele ya uso. Akasoma kwa sauti kubwa, Merveille, ile aliyokuwa ananiambia niitumie. "Ziwa letu ni refu kuliko maziwa yote ya ulimwengu yenye maji baridi. Mito mingi inaingia. Mto mmoja tu unatoka, nao ni Lukuga." Hakukosea hata neno. Askari mmoja mdogo aliteremsha bunduki, alikuwa anasikiliza. Nilifikiri wamemwacha.

Kisha mkubwa wao akazunguka nyuma yake, akachungulia. Akacheka. "Mzee, umelishika miguu juu." Akampiga risasi ya tumbo. Babu alikaa chini polepole kama mtu anayetafuta kigoda. Aliendelea kulishika daftari. Ile ya shingo ilikuja baadaye, baada ya muda mrefu, na katika muda huo wote hakuita jina langu.

Mimi ningeweza kusimama. Ningesema ni vyangu, ningesoma. Najua kusoma, ndicho kitu pekee ninachojua. Nilikuwa na udongo mdomoni na sikufungua mdomo.

Tena nilijua kwamba analishika miguu juu. Nilijua tangu mwezi wa tatu. Niliona ni jambo la kuchekesha, nikamwacha.

Kwa hiyo si wewe. Toa jina lako hapo, weka langu. Sitaki utafute maneno ya kunifariji. Wapo vijana wanaopanda milimani kujiunga na Mai-Mai, na nimewaambia nitakwenda nao baada ya Krismasi. Huko hawaulizi kama mtu ana sauti.

Kula, tafadhali.

Raphaël


Lugufu, tarehe 12 Desemba 1999

Yaya,

Nilikuchukia siku arobaini na moja. Nilihesabu kwenye ukuta kwa mkaa. Siku ya arobaini na mbili nilisahau kuchora.

Mama amesoma barua yako. Alilala nayo. Asubuhi akasema ungesimama wangekuua pia, na sasa angekuwa hana mtu wa kumwandikia. Mimi sijui. Nafikiri ungesimama ukasoma kwa ile sauti yako, wasingesikia chochote, wangekuuliza "nini?" mpaka jua lizame.

Nilicheka nilipofikiria hilo. Ni mara ya kwanza. Kisha nikala.

Sasa sikiliza. Mimi ni mjane wa Mzee Wilondja. Hapo kwetu mjane mjukuu ana haki ya kuzuia kaburi na kutoza faini, na hakuna mkubwa anayeweza kumkatalia. Nakutoza faini. Si kuku. Huendi mlimani. Unakwenda Lweba, kwenye shamba la mihogo, unawaita watu, Mzee Ali, Mama Mwanahamisi, wote waliobaki, na unamtukana mume wangu kwa niaba yangu, kwa sauti. Nitamuuliza Mama Mwanahamisi kama alikusikia akiwa nyuma ya watu. Kama hakukusikia, faini inarudiwa.

Haya ndiyo maneno, usipunguze:

"Mzee Wilondja, mume mvivu! Umelala mwezi wa nane huu, nani atachanja kuni? Umenioa ukiwa na meno manne, nayo hayaelewani. Ulikoroma mpaka samaki wa mikeke wakahamia Kigoma. Nilikwambia usihame, ukahama. Sasa nimepika, nimpakulie nani? Na aibu uliyonitia! Mbele ya wageni! Miaka yote unajisifu kwamba umesoma, kumbe daftari umelishika miguu juu. Waume wa wenzangu hufa kwa kikohozi, wangu amekufa kwa kusoma vibaya. Ondoka hapa, mjinga wangu, usitazame nyuma. Nakusamehe daftari. Nakusamehe kuhama."

Kisha lishike daftari sawasawa, umsomee somo lake, ajue lilivyoandikwa.

Mjane,
Merveille

Espérance amenisamehe. Anasema jicho lile sasa linaona mbali zaidi. Mwongo huyo.


Lweba, tarehe 16 Januari 2000

Merveille, mjane wa Mzee Wilondja,

Faini imelipwa.

Walikuja watu ishirini na sita. Sikutegemea. Wengine walishuka kutoka Lubondja ambako wamejificha tangu Aprili, wakatembea usiku kucha. Wawili walisimama barabarani kulinda, tukisikia gari tutawanyike. Mume wa Mama Godelieve alikuja peke yake.

Nilianza vibaya. Mzee Ali akasema, "We mutoto, unaongea na siafu ao na muntu?" Mama Mwanahamisi akasema kutoka nyuma, "Sisikii!" Nikafunga macho, nikapaza. Sauti ilitoka, hata sikuitambua. Nilipofika kwenye meno manne, mtu mmoja alicheka. Kwenye mikeke wakacheka wengi, Mama Mwanahamisi akapiga vigelegele. Nilipofika kwenye daftari wakanyamaza, kwa sababu hawakujua. Niliwaambia, Merveille. Niliwaambia hapo hapo, watu ishirini na sita, kwamba nilikuwa kwenye mihogo. Mume wa Mama Godelieve alikuja akasimama karibu yangu. Hakunigusa. Akasema, "Endelea, kijana. Maliza matusi." Nikamaliza.

Ndipo walipolia. Miezi tisa, na ndiyo siku ya kwanza Lweba imelia kwa sauti. Waliwalilia wafu wao wote juu ya kaburi la Babu. Niliogopa askari watasikia mpaka Baraka. Hakuna aliyenyamaza.

Daftari liliungua. Somo nimeliandika upya kwa kichwa, nikalishika sawasawa, nikamsomea.

Vijana walipanda mlimani wiki iliyopita. Mmoja wao tayari ameletwa kwenye machela, bila mguu. Mimi Jumatatu ninarudi darasani, kama darasa litakuwepo.

Hapa chini nimeweka dole gumba kwa masizi na mawese. Lina kovu jembamba, linapanda kushoto. Si la Babu. Ni langu.

Yaya yako,
Raphaël